SINEMA NA UZALENDO: FILAMU ZA MAREKANI NA KAMERA ZILIZOVUKA RUVUMA

Utangulizi

Chama kinachoongoza umma kina vyombo vingi vya kuelimisha: mkutano wa shina, gazeti, redio, ngoma, kwaya na darasa la itikadi. Sinema nayo imo katika safu hiyo hiyo. Hata hivyo makada wengi wamezoea kuiona sinema kuwa ni burudani ya jioni, jambo la watoto na vijana wasio na kazi. Kwa hiyo wamewaachia wengine chombo ambacho humfikia hata mtu asiyesoma gazeti wala kuhudhuria mkutano.

Makala hii inakusudia kulichambua jambo hilo kihistoria. Tutaanza na filamu za uzalendo za Marekani, kwa sababu ni mataifa machache sana yaliyoitumia sinema kujenga mapenzi ya nchi kwa nguvu na kwa muda mrefu kama taifa hilo. Tutauliza ni kitu gani ndani ya filamu hizo kinachomsisimua mtazamaji, hata mtazamaji asiye Mmarekani. Kisha tutarudi nyumbani, kwenye pwani ya Mtwara na mdomo wa mto Ruvuma, ambako watu wetu wameishi historia ya ukombozi iliyopigwa picha na kamera za wengine. Mwisho tutaeleza wajibu wa kada.

Kwa nini tuanze na Marekani

Ndugu msomaji anaweza kuuliza: kada wa Tanzania ana haja gani na filamu za ubeberu? Jibu ni kwamba filamu hizo ziko tayari nyumbani kwake. Katika vibanda vya video vya Mtwara, Mikindani, Masasi na Newala, kizazi kizima kilikua kikitazama "Rambo" na "Commando". Filamu hizo zilitengenezwa miaka ya 1980 na kanda zake zikaenea Afrika ya Mashariki yote. Jina la Rambo lilihama kutoka katika kioo likaingia sokoni, hata mfuko wa plastiki wa kubebea nyanya na dagaa ukaitwa "rambo". Serikali ilipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 1 Juni, 2019, lakini jina lake bado linakumbukwa. Katika madarasa ya itikadi, ukiwauliza vijana wa pwani hii wamtaje askari shujaa, wapo wanaomtaja huyo askari wa kwenye kanda kabla ya kumtaja mtu ye yote aliyepita katika vijiji vyao wenyewe akiwa na bunduki begani kwenda kuikomboa Afrika.

Hali hii haiondoki kwa kulaumu vijana. Mtu hupenda hadithi aliyosimuliwa vizuri. Wajibu wetu ni kuchunguza jinsi ilivyosimuliwa.

Filamu tatu na siri ya nguvu yake

Tuchukue filamu tatu za Marekani ambazo watu wa nchi hiyo wamezihesabu kwa miaka mingi kuwa ni filamu za uzalendo.

Ya kwanza ni "Sergeant York" ya mwaka 1941, iliyoongozwa na Howard Hawks. Inaeleza maisha ya Alvin York, mkulima maskini wa milima ya Tennessee, mwindaji hodari na mlevi aliyeokoka. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoifikia Marekani mwaka 1917, York hakutaka kupigana, kwani dini yake ilimkataza kuua. Filamu haimdharau kwa kukataa huko. Inamwonyesha akipewa muda wa kurudi nyumbani kufikiri, akikaa peke yake mlimani na kitabu cha dini na kitabu cha historia ya nchi yake. Uamuzi wake wa kwenda vitani unatoka moyoni mwake baada ya mapambano ya nafsi. Tarehe 8 Oktoba, 1918, huko Ufaransa, kundi lake dogo liliteka Wajerumani 132. Aliporudi alikataa fedha za wafanyabiashara waliotaka kuliuza jina lake, akaenda zake shamba. Filamu ilipotoka, Marekani ilikuwa bado haijaingia Vita vya Pili. Kwa hiyo watazamaji walikuwa wakikabiliwa na swali lile lile lililomkabili York.

Ya pili ni "Mr. Smith Goes to Washington" ya mwaka 1939, iliyoongozwa na Frank Capra. Hapa hakuna vita. Kijana mmoja mnyofu, Jefferson Smith, anateuliwa kuwa seneta na wakubwa wanaodhani kwamba kwa ujinga wake hatawasumbua. Anagundua kuwa tajiri mmoja wa jimbo lake amewanunua wanasiasa na magazeti ili ajinufaishe kwa mradi wa bwawa. Smith anasimama bungeni na kuzungumza usiku na mchana bila kukaa, mpaka anaanguka kwa uchovu. Filamu hiyo iliwaudhi maseneta kadhaa, na balozi wa Marekani mjini London, Joseph Kennedy, alijaribu kuizuia isionyeshwe Ulaya akihofia kuwa itaiaibisha nchi. Leo Wamarekani wanaihesabu kuwa ni moja ya filamu zao bora za uzalendo. Mtu aliyesema kweli juu ya uoza wa viongozi ndiye aliyeonekana kuipenda nchi, na wale waliotaka kuuficha uoza huo wamesahauliwa.

Ya tatu ni "Glory" ya mwaka 1989, iliyoongozwa na Edward Zwick. Inahusu Kikosi cha 54 cha Massachusetts, moja ya vikosi vya kwanza vya watu weusi katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani. Tarehe 18 Julai, 1863, kikosi hicho kiliivamia ngome ya Wagner kikijua kuwa wengi hawatarudi. Lakini kabla ya risasi kulikuwa na mapambano mengine. Askari mweupe alilipwa dola 13 kwa mwezi. Askari mweusi aliahidiwa dola 10, na kati ya hizo zikakatwa 3 za nguo. Askari wa kikosi hicho walikataa kupokea mshahara wa unyonge, na mwaka 1864 bunge la Marekani likakubali kuwalipa sawa. Katika filamu hiyo Denzel Washington aliigiza askari aliyetoka utumwani, na kwa kazi hiyo akapata tuzo ya Oscar.

Sasa tuulize: filamu hizi tatu zina nini cha pamoja? Bendera zipo, lakini bendera peke yake haimtoi mtu machozi. Kwanza, mhusika mkuu ni mtu wa kawaida: mkulima, kijana wa mkoani, mtumwa wa jana. Pili, mtu huyo ana shaka na woga kama mtazamaji mwenyewe, na shaka hiyo inaheshimiwa. Tatu, analipa gharama: anapoteza usingizi, jina, mshahara au uhai. Nne, anajua anamlipia nani. York anawaokoa wenzake wanaouawa na bunduki za rashasha mbele ya macho yake. Smith anawatetea watoto wa jimbo lake. Askari wa Wagner wanawapigania ndugu zao walio bado utumwani. Uzalendo katika filamu hizo ni deni la mtu kwa wenzake, na mtazamaji wa nchi yo yote anaijua hali ya kudaiwa na wenzake. Ndiyo maana kijana wa Msimbati anaweza kutikiswa na habari za mkulima wa Tennessee.

Jambo hili lilieleweka pia na majeshi. Marekani ilipoingia vitani, Mkuu wa Majeshi, Jenerali George Marshall, alimwita Capra yule yule akamtaka awaeleze askari sababu ya kupigana. Kati ya mwaka 1942 na 1945 zikatengenezwa filamu 7 za "Why We Fight", na askari walitakiwa kuzitazama kabla ya kupelekwa ng'ambo. Capra alichukua picha ambazo Wanazi wenyewe walizipiga kujisifu, akazipanga upya ili ziwashitaki. Kwa maneno mengine, jeshi lenye vifaa vingi kuliko yote lilikubali kwamba askari asiyejua sababu ya vita ni askari nusu. Hilo ni somo la itikadi, ingawa wao hawaliiti kwa jina hilo.

Upande wa pili wa kioo

Hata hivyo kada hatazami upande mmoja tu. Chombo kile kile kilichomheshimu mkulima wa Tennessee kilitumika pia kujenga chuki. Mwaka 1915 D. W. Griffith alitoa "The Birth of a Nation", filamu ya ustadi mkubwa iliyodai kueleza kuzaliwa kwa taifa la Marekani. Ndani yake watu weusi walifanywa wanyama, na genge la Ku Klux Klan likafanywa waokozi. Mwaka huo huo genge hilo, lililokuwa limekufa, lilifufuliwa. Chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kilipigana kuizuia filamu hiyo, kwa kuwa kilitambua kuwa picha zaweza kuua.

Katika Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Marekani lilitenga askari weusi na weupe, na utengano huo ulipigwa marufuku kwa amri ya Rais Truman mwaka 1948. Mwaka 1968, vita ya Vietnam ikiwa imepamba moto na vijana wa Marekani wakiipinga mitaani, John Wayne alitoa "The Green Berets" kwa msaada wa wizara ya ulinzi ili kuitetea vita hiyo. Na mwaka 1985, miaka 10 baada ya Saigon kuanguka, Rambo alirudishwa Vietnam katika filamu yake ya pili ili aishinde peke yake, juu ya kioo, vita ambayo jeshi zima lilishindwa kuishinda ardhini. Umma wa Vietnam uliopigania nchi yake ukageuzwa kuwa vivuli vya kupigwa risasi. Hapa gharama, shaka na deni vimetoweka. Kilichobaki ni misuli.

Sisi wenyewe tumo katika filamu hizo, ingawa kwa namna ya kusikitisha. Mwaka 1951 John Huston alitoa "The African Queen", filamu ya Waingereza na Wamarekani inayotokea katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914. Kijiji cha Waafrika kinachomwa moto mwanzoni kabisa, wenyeji wanatoweka, na filamu nzima inabaki kwa Wazungu wawili wanaotaka kuzamisha meli ya Wajerumani. Humphrey Bogart alipata tuzo ya Oscar. Sasa tuangalie historia ilivyokuwa katika kusini yetu. Oktoba 1917 mapigano makali yalitokea Mahiwa, bara ya Lindi, na tarehe 25 Novemba, 1917, majeshi ya Jenerali von Lettow-Vorbeck yakavuka Ruvuma na kuingia Negomano. Vita hivyo vilibebwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi wa Kiafrika, waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na uchovu. Filamu ilipewa vita yetu, ikawaacha wenye vita nje.

Kamera ya mkoloni katika Tanganyika

Mkoloni naye hakuchelewa kuona nguvu ya picha. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kulikuwa na jaribio la sinema za kuwaelimisha Waafrika, lililogharimiwa kwa sehemu kubwa na shirika la Carnegie la New York. Filamu zipatazo 35 zilitengenezwa, na lori lenye mashine ya sinema likazunguka katika makoloni ya Afrika ya Mashariki na Kati. Mafunzo yake yalikuwa kilimo, afya na akiba ya posta. Mengine yalikuwa na faida, lakini msingi wake ulikuwa mmoja: Mwafrika ni mtu wa kufundishwa namna ya kuwa raia mtulivu wa dola ya wengine. Kutambua kuwa anayo nchi hakukuwa katika ratiba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Afrika ya Kusini ilitengeneza filamu za Kiswahili hapa Tanganyika, zikiwamo "Muhogo Mchungu" na "Chalo Amerudi". Ndipo historia ilipomchezea mkoloni. Mwigizaji mkuu wa "Muhogo Mchungu" alikuwa mfanyakazi kijana wa idara ya ustawi wa jamii, mzaliwa wa Songea, jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Serikali ilimtaka aigize ili umma upate kutulia. Yeye alijifunza kusimama mbele ya umma na kuusemesha. Mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL. Mwaka uliofuata akaacha kazi ya serikali na kuingia TANU. Na Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu ili aende kuimarisha Chama, Kawawa akawa Waziri Mkuu. Mtu wa bonde la Ruvuma aliyekodiwa kuigiza maisha ya mwananchi aliishia kuyaongoza.

Funzo lake ni muhimu. Anayemiliki kamera ana uwezo mkubwa, lakini hawezi kumiliki kabisa moyo wa mtu anayepigwa picha.

Kamera zilizovuka Ruvuma

Tufike sasa katika kipindi ambacho pwani yetu ilikuwa uwanja wa nyuma wa vita ya ukombozi. Tarehe 16 Juni, 1960, huko Mueda, mwendo mfupi kusini ya Ruvuma, wakuu wa Kireno waliamuru umma uliokuja kudai haki upigwe risasi. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni, 1962, chini ya Ndugu Eduardo Mondlane, ambaye kabla ya hapo alisoma na kufundisha Marekani. Vita ilianza tarehe 25 Septemba, 1964, huko Chai. Wapiganaji walipata mafunzo Kongwa na Nachingwea. Majeruhi wakatibiwa katika hospitali ya FRELIMO mjini Mtwara, iliyopewa jina la Daktari Américo Boavida. Na wakimbizi wakapokelewa katika vijiji vya mpakani. Wananchi wa kando ya mto walilipa gharama ya mapokezi hayo kwa mabomu na mabomu ya ardhini ya Wareno. Ureno haikuwa peke yake: ilikuwa mwanachama wa NATO, na Marekani ilikuwa na kituo cha kijeshi katika visiwa vyake vya Azores.

Watengenezaji filamu wa nchi mbalimbali waliingia na FRELIMO katika maeneo yaliyokombolewa: Dragutin Popović kutoka Yugoslavia, Margaret Dickinson kutoka Uingereza, na wengine. Lakini kwa makala hii anayetuhusu zaidi ni Mmarekani. Robert Van Lierop, mwanasheria mweusi wa New York, aliingia kaskazini mwa Msumbiji kutoka Tanzania mwaka 1971 akiwa na mpiga picha Robert Fletcher, ambaye alikuwa amefanya kazi katika harakati za haki za watu weusi huko Mississippi. Filamu yao, "A Luta Continua", ilitoka mwaka 1972. Ni fupi, ya nusu saa hivi. Inaonyesha shule chini ya miti, mashamba, zahanati, wanawake wenye silaha, na inaeleza wazi jinsi dola za Magharibi zilivyoishika mkono Ureno. Ilionyeshwa katika makanisa, vyuo vikuu na kumbi za mitaa huko Marekani, na watazamaji wakachangishwa na kuhamasishwa kuiunga mkono FRELIMO.

Je, hiyo ni filamu ya uzalendo ya Marekani? Kwa kipimo cha serikali ya Marekani ya wakati ule, hapana. Kwa kipimo tulichokipata katika "Mr. Smith" na "Glory", ndiyo. Hapa kuna raia anayeiambia nchi yake kwamba inatenda uovu kwa jina lake, naye yuko tayari kutembea porini chini ya ndege za adui ili apate ushahidi. Tena ndani ya filamu hiyo watu wa Msumbiji si vivuli. Wanalima, wanasoma, wanabishana, wanaamua. Mtengenezaji alikwenda kujifunza kwao.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya wenyewe. Mwezi Mei 1975 Ndugu Samora Machel alivuka Ruvuma kutoka Tanzania kuanza safari ya kuelekea kusini hadi Maputo, na tarehe 25 Juni nchi ikawa huru. Mwaka 1976 Msumbiji ikaanzisha taasisi ya taifa ya sinema, na filamu zake za habari zikapelekwa vijijini kwa magari. Mwaka 1979 Ruy Guerra, mzaliwa wa Msumbiji, alitoa "Mueda, Memória e Massacre". Hakuajiri nyota. Wananchi wa Mueda walikuwa na desturi ya kuigiza mauaji ya mwaka 1960 mbele ya jengo lile lile yalipotokea, wenyewe wakicheza nafasi za wakuu wa Kireno kwa kejeli na nafasi za ndugu zao waliouawa. Guerra aliweka kamera yake kati yao na kuchanganya maigizo hayo na ushuhuda wa waliosalimika. Kwa mara hii mwenye historia, mwigizaji na mtazamaji walikuwa mtu mmoja.

Tanzania nayo ilikuwa na juhudi zake. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na katika miaka ya 1970 ikatoka "Fimbo ya Mnyonge" juu ya maisha ya ujamaa. Uhaba wa fedha za kigeni na vifaa ulizipunguza nguvu juhudi hizo. Hata hivyo uwezo haukufa: mwaka 2021 Amil Shivji alitoa "Vuta N'kuvute", kutokana na riwaya ya Adam Shafi, juu ya mapenzi na harakati za kupinga ukoloni Zanzibar, na filamu hiyo ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto.

Wajibu wetu Mtwara

Kutokana na historia hii tunapata wajibu wa aina tatu.

Wajibu wa kwanza ni kuitazama filamu kwa kuichambua. Kada anayeonyesha filamu katika tawi asiwashe mashine na kukaa kimya. Kabla ya kuanza awaeleze wenzake filamu imetengenezwa na nani, mwaka gani, kwa fedha za nani. Katikati, panapotokea uamuzi mkubwa, aisimamishe na kuuliza: wewe ungefanya nini? Mwishoni aulize maswali manne: shujaa ni nani, analipa gharama gani, anamlipia nani, na ni watu gani wameachwa nje ya picha? Kijana aliyezoea maswali hayo ataweza kumpenda Sajini York na kumkataa mwuaji wa "The Birth of a Nation", ingawa wote wawili wamekuja na bendera moja.

Maswali hayo yana uzito wa pekee kwetu sasa. Tangu Oktoba 2017 magaidi wameumwaga damu umma wa Cabo Delgado, na mwezi Oktoba 2020 walivuka mto na kushambulia kijiji cha Kitaya, katika wilaya yetu ya Mtwara. Watu hao hutumia picha za video kujitangaza na kuwavuta vijana, na picha hizo husafiri katika simu kuliko kitabu cho chote. Zinamwahidi kijana asiye na kazi ushujaa usio na shaka na usio na deni kwa wenzake, yaani ushujaa wa misuli tuliouona kwa Rambo, uliopakwa rangi ya dini. Askari wetu wanalinda mto. Kuulinda moyo wa kijana ni kazi ya mwalimu, mzazi, shehe, padri na kada, na haiwezi kufanywa na mtu anayedharau picha.

Wajibu wa pili ni kukubali filamu inayosema kweli hata inapotuuma. Mwezi Januari na Mei 2013 Mtwara ilipata vurugu kubwa kuhusu bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam. Watu walikufa na mali ikateketea. Filamu ya uzalendo juu ya miezi ile haiwezi kuwa ya kuisifu serikali tu, wala ya kuwatukuza waliochoma nyumba. Ingempa nafasi mvuvi wa Msimbati aliyeuliza gesi itamletea nini mwanawe, ikampa nafasi pia mtaalamu aliyeona umeme wa taifa zima, na ingeuliza ni wapi mazungumzo yao yalikatika. Chama kinachoogopa filamu ya namna hiyo kitakuwa upande wa wale maseneta waliokasirika mwaka 1939.

Wajibu wa tatu ni kutengeneza zetu, na huu una haraka. Kijana aliyekuwa na miaka 20 vita ilipoanza mwaka 1964 sasa amepita miaka 80. Wapo bado katika vijiji vya Ruvuma wazee waliovusha wapiganaji kwa mitumbwi usiku, akina mama waliogawana mihogo na wakimbizi, na watu waliokatwa miguu na mabomu wakiwa wanakwenda shamba. Pale Naliendele wamelala askari wetu waliofia Msumbiji. Huko hatuhitaji kubuni shujaa. Tunahitaji kumwuliza mzee huyo swali lile lililomkabili Alvin York mlimani: ulipoambiwa uwavushe wageni, ukijua ndege za Wareno zitakuja, uliogopa nini, na kwa nini ulikubali?

Kazi hii haingoji fedha nyingi. Kamera ambayo Van Lierop aliibeba porini leo imo katika simu ya mwanafunzi. Kila tawi la mpakani, likishirikiana na shule ya sekondari iliyo karibu, laweza kuteua vijana wawili watatu, likawafundisha kuuliza kwa heshima na kusikiliza kwa subira, likaandika majina ya wazee wote waliosalia, na kuwarekodi kwa lugha wanayoimudu, iwe Kiswahili, Kimakonde au Kiyao. Nakala moja ibaki kijijini, kwa kuwa wenye historia ndio wenye mali. Nyingine iende wilayani na katika vyuo vyetu. Baadaye watatokea mafundi wa kuzigeuza kumbukumbu hizo kuwa filamu. Fundi anaweza kungojewa miaka kumi. Wazee hawa hawawezi kungojewa, na orodha ya majina yao yafaa iwe mezani katika mkutano ujao wa tawi.